Mwalimu Aliyetuuliza Njia ya Kwetu

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na tabia ya kukuuliza njia ya kwenu wakati ambapo huna pumzi ya kumjibu. Uko barabarani juu ya Kikima, vumbi jekundu limekujaa masikioni, miguu inanung'unika, mara unasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yako. Ni yeye, amekaa upande upande kwenye keria, buibui amelikunja vizuri lisiingie kwenye spoki, mwavuli mkononi. Anayeendesha ni mlinzi wa lango, ambaye sisi wasichana tulimwita Soja, na huyo Soja anahema kuliko wewe. Mwalimu anakuelekezea sikio kama mtu anayesikiliza redio yenye betri mbovu, kisha anasema:

"Haya mwanangu. Nipeleke kwenu."

Nawe unaanza kutaja njia, kutoka lango la shule mpaka mlango wa jikoni kwa mama yako. Mimi natoka Kasikeu, kwa hiyo yangu ilikuwa ndefu: lango, soko la Kikima, teremka mpaka Wote, Emali, Sultan Hamud, Kasikeu, kanisa la mabati, kisima cha mtoni, boma la mjomba, jikoni. Ulitakiwa kuisema yote bila kukatika. Ukikatika Emali, Mwalimu anampiga Soja bega, baiskeli inapunguza mwendo, anakwambia, "Hapo. Pakumbuke hapo." Baada ya hapo anakuacha, anamfuata mwingine.

Wageni walioona jambo hili walidhani ni adhabu.

Haikuwa adhabu, ilikuwa kipimo. Alitueleza siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha mjini Kitui, cha watu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakakawia hadi wakawa wenyeji. Sisi tuliosema Kiswahili kwa kukitafsiri kutoka Kikamba tulimsikiliza kwanza kwa raha tu, maana yake tukaja kuielewa baadaye.

"Mwili una jiko ndani," alisema. "Jiko likipata hewa ya kutosha, kuni zinawaka, chakula kinaiva, hakuna moshi. Ukilichochea kuliko hewa inavyoingia, linatoa moshi. Moshi kidogo unatoka dirishani, si neno. Lakini kuna mwendo ambao ukiuvuka, moshi unabaki nyumbani. Miguu inawaka, kifua kinabana, umekwisha. Mwendo huo ndio kizingiti. Kazi yangu ni kujua kizingiti cha kila mmoja wenu kiko wapi. Kazi yenu ni kukimbia mkikikaribia, bila kukikanyaga."

Msichana mmoja wa Makindu, mcheshi, aliuliza, "Na Ticha, utakionaje na kiko ndani?"

"Sitakiona. Nitakikisia."

Neno hilo lilitushangaza. Walimu wengine wote walijua. Huyu wetu alikisia. Alijua kwamba mahali pengine wanariadha hutobolewa vidole, damu ikapelekwa kwenye mashine, mashine ikasema. Sisi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na uwanja uliopinda kidogo kuelekea vyooni, na saa yake ya mkononi. Kwa hiyo kwanza alitukimbiza kuzunguka uwanja hadi saa ilipolia, akaangalia kila mmoja amefika wapi. Umbali huo ulimwonyesha ukubwa wa jiko la mtu, na kutokana na ukubwa wa jiko alikisia moshi utaanzia mwendo gani. Lakini alisema wazi kwamba wawili wanaweza kuwa na majiko sawa na mmoja akatoa moshi mapema kuliko mwenzake. Ndiyo maana alitufuata na baiskeli, asikie kwa sikio lake mwenyewe. Mtu aliyevuka kizingiti hawezi kusema sentensi ndefu. Pumzi yote imeitwa kazini.

Na kwa nini njia ya nyumbani, kwa nini si jedwali la kuzidisha? Alisema jedwali linakaa kichwani, na kichwa nacho kinakula hewa. "Nataka maneno yanayotoka yenyewe. Hakuna msichana wa bweni asiyetaja njia ya kwao kila usiku kabla ya kulala." Hapo tuliangalia chini, maana kumbe alijua.

Watu waliomjua kwa mbali walimdhania mpole. Si kweli. Alikuwa mtu wa haraka kuliko wote niliopata kuwajua. Mama huyu aliyetuhubiria kutokimbilia mwanzo wa mbio hakuweza kusimama kwenye foleni ya watu watatu. Benki ya Wote alikuwa akiingia na kutoka, akiingia na kutoka, hadi mlinzi akamwambia achague. Chai aliinywa ikiwa moto wa kuunguza kwa sababu kungoja ipoe ni kupoteza wakati. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu, "Na polepole haina medali. Mimi nataka kipimo, sitaki methali."

Na yeye mwenyewe hakukimbia. Katika miaka yangu yote minne pale nilimwona akikimbia mara moja tu, siku mbuzi wa jikoni alipoiteremsha leso yake mpya kwenye kamba ya kuanikia na kuondoka nayo mdomoni. Alimfukuza yule mbuzi kuvuka uwanja mzima kwa ndara, mwavuli juu, shule nzima ikishangilia madirishani. Alimpata karibu na vyoo. Alirudi na nusu ya leso, ameinama, mikono magotini, na msichana wa Makindu akamfuata kando kwa adabu zote: "Haya Ticha. Tupeleke kwenu." Tulijua yule msichana amekwisha. Mwalimu akanyanyua kidole kimoja, akahema, akahema tena, akasema, "Nimevuka," kisha akakaa chini kwenye nyasi akacheka hadi machozi yakamtoka.

Shule yetu ilikuwa ya kanisa, na yeye alikuwa Mwislamu, pengine peke yake katika mlima ule. Sikuwahi kusikia neno baya kuhusu hilo, labda kwa sababu hakumpa mtu nafasi. Jumapili tukiwa ibadani alikaa nje ya dirisha akishona mashati yetu ya michezo, na tukitoka alituambia kwaya imekosea wapi. Ramadhani ilipofika alisimama nasi juani kama kawaida. Sisi kwa heshima tulijificha nyuma ya tangi tukanywa maji huko. Alipogundua alikasirika kweli kweli.

"Saumu ni yangu, kiu ni yenu! Njooni mnywe hapa nikiwaona, nijue mmekunywa."

Mimi nilikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mkimbiaji, na hapo ndipo kosa lake lilipoanzia. Nimelifikiria sana kosa hilo maishani mwangu na nadhani lisingeweza kutokea kwingine, ila kwetu, ambako msichana anaingia kwaya ya kanisa kabla hajajua kufunga viatu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa lile la mabati, nami niliongoza sauti ya kwanza tangu nikiwa mdogo wa kusimamishwa juu ya kiti ili nionekane.

Kwenye uwanja, umbali wangu ulikuwa wa kawaida. Kwa hesabu yake, kizingiti changu kilipaswa kuwa cha kawaida pia. Lakini aliponifuata na baiskeli, nilimpeleka Kasikeu bila kukatika. Akamwamuru Soja aongeze mwendo, mimi nikaongeza, nikampeleka Kasikeu tena. Soja aliomba msamaha, akashuka, akakaa kando ya barabara. Mimi bado nilikuwa nataja kisima cha mtoni.

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeokota almasi. Akaweka kando hesabu ya uwanja, akaliamini sikio lake. Mazoezi yangu yote yakapangwa kwa mwendo huo mkubwa. Nilikuwa nikichoka sana, lakini nilidhani ndivyo mbio zilivyo.

Mashindano ya kaunti yalifanyika kukiwa na jua kali. Mwalimu aliniambia nishike mwendo wangu tangu mwanzo, wala nisiwatazame wengine. Nikaushika. Nilikuwa mbele hadi karibu na mwisho, kisha miguu ikageuka magogo, uwanja ukainama, nikaona tu nyasi zikija usoni. Nilipoamka nilikuwa kivulini, kichwa mapajani mwa Mwalimu, na baba yangu, aliyekuja kunitazama, amesimama juu yetu na kofia yake mkononi.

Ni lazima nieleze kofia ile. Dada yake baba, shangazi yangu, alianguka kando ya kisima akichota maji, akiwa bado kijana, wala hakuamka. Watu walisema ni kifua. Tangu siku hiyo baba hakupenda kumwona mtu wa nyumba yake akihema. Alivua kofia vile alivyoivua kaburini kwa dada yake, na nilipoiona mkononi mwake nilijua mbio zangu zimekwisha.

"Mwalimu," alisema, sauti ya chini, "huyu mtoto asikimbie tena. Hii kitu ya mbio, sisi kwetu hatuna kifua yake. Wacha asome tu."

Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokipenda hivyo. Kuimba nilipewa na watu. Kukimbia nilikuwa nimekupata mwenyewe. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na baba aliniacha nilie, hakunigombeza.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja Kasikeu. Alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, amekuja kwa kufuata ile njia niliyokuwa nikiitaja: kanisa la mabati, kisima cha mtoni, boma la mjomba. Hakuuliza mtu hata mara moja. Mama alimkaribisha akamwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, naye akala kwanza, akashukuru, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, nimekuja kusema kwamba nilikosea mimi. Mtoto hakukosea, wala kifua chake hakina kasoro. Nilimpima vibaya."

Nadhani baba hakuwa amewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Mimi sikuwa nimewahi.

"Ulimpima vibaya namna gani?"

"Mimi nasikiliza maneno ya mtu akikimbia. Yakikatika, najua amefika mwisho. Huyu hayakukatika. Nimelala nikiwaza kwa nini. Jumapili nilikuwa nje ya dirisha kama kawaida, kwaya inaimba bila yeye, nikasikia jinsi wanavyovuta pumzi. Hawavuti pale ambapo mtu mwingine angevuta." Akanigeukia. "Mwanangu, unapotaja njia, pumzi unaivutia wapi?"

Sikujua. Ilibidi nijaribu pale pale, nikitembea uani, ndipo nikagundua. Kwenye kwaya tulifundishwa kwamba ukiishiwa katikati ya wimbo usivute mwisho wa neno, kwa sababu kila mtu husikiliza mwisho wa neno. Iba katikati: Sultan Ha, kidogo, mud. Kasi, kidogo, keu. Ukifanya vizuri hakuna anayesikia. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni hadi sikujua nafanya.

"Nifundishe," Mwalimu alisema.

Akasimama uani kwetu, mbele ya kuku na baba yangu, akajaribu kuiba pumzi katikati ya maneno. Alikuwa hana sauti kabisa. Alitoa mlio wa mbuzi aliyekabwa, mama akaingia jikoni kucheka. Lakini alirudia na kurudia, kwa ile haraka yake, hadi akaipata, akaruka kidogo kama msichana.

"Kumbe nilimsikiliza mwimbaji nikadhani namsikiliza mkimbiaji! Mdomo ulinidanganya, mzee. Mshipa haudanganyi." Akamshika baba mkono bila hodi, akaweka vidole viwili kwenye kifundo, akatazama saa. Baba yangu, mzee wa kanisa, alishikwa mkono hivyo na mwanamke wa watu, akasimama wima kama anapigwa picha. "Hebu panda hadi pale kwenye ua wa katani, urudi." Baba akapanda, akarudi, akashikwa tena. "Moyo wako ni mzuri," akamwambia. "Mtoto alinisimulia habari za dada yako. Wake hakuna aliyewahi kuushika mkononi akausikiliza. Wa huyu nitaushika kila siku. Nipe mtoto huyu, mzee. Nitamrudisha na pumzi yake."

Baba aliangalia kifundo cha mkono wake kwa muda. Kisha akavaa kofia.

Tangu siku hiyo kipimo kilibadilika. Njia ya nyumbani iliendelea, maana wengine haikuwadanganya, lakini baada yake Soja alisimamisha baiskeli, Mwalimu akashuka na kukushika mkono. Mwendo wangu ulirudishwa nyuma sana, hadi pale ambapo hesabu ya uwanja ilikuwa imesema tangu mwanzo. Nilijiona kama mzee anayekwenda kliniki. Polepole kizingiti chenyewe kikaanza kusogea mbele. Mwaka uliofuata nilimaliza wa tatu kwenye kaunti, kwa miguu yangu, na baba alikuwepo, kofia kichwani.

Sikuwa bingwa. Wenye miguu ya kweli mnawajua wanatoka wapi. Lakini mbio zile zilinipeleka chuoni, zikanifanya mwalimu, na leo nina wasichana wangu ambao nawauliza njia za kwao. Kila ninapomwambia mtoto "nilikosea mimi", namshukuru mwanamke yule. Sijui kama ningelijua neno hilo kama asingelisema uani kwetu mbele ya baba.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi Kitui kwenye mashindano ya kwaya. Baada ya zamu yetu nikamtafuta. Amestaafu, amerudi kwenye nyumba ya wazazi wake nyuma ya msikiti, anaishi na bintiye mwenye duka la vitambaa. Tulikutana sokoni. Amepungua, buibui lile limekuwa kubwa kwake, lakini alinipokonya mfuko wa ndizi nisije nikambebea.

"Mama hataki daktari," bintiye alikuwa ameninong'oneza dukani. "Nikimwambia anachoka, ananipandisha mlima huku anaongea hadi mlangoni. Ananiambia, umeona? Mtu mgonjwa anaweza kuongea hivyo? Na ni kweli, dada, anaongea hadi mlangoni."

Tukaanza kupanda, sisi wawili. Naye kweli akaongea. Alinisimulia habari za Soja, ambaye sasa ana bodaboda yake na hapandishi mtu keria. Alicheka kuhusu mbuzi. Maneno yalitoka mfululizo, hayakukatika, nami nilikuwa nikifurahi tu, mpaka aliposema jina la Kikima. Kiki, kidogo, ma.

Niliisikia. Nadhani hakuna mwingine mjini Kitui ambaye angeisikia. Nikasikiliza tena: msi, kidogo, kiti. Mbu, kidogo, zi. Alikuwa akiiba kila neno la tatu, na alikuwa akiiba vizuri, kuliko mwanafunzi wangu yeyote wa kwaya. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Nikasimama. "Mwalimu, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Alinitazama. Alijua. Kwa muda nilidhani atakasirika kama siku ile ya maji, lakini aliweka ndizi chini, akakunja mkono wa buibui, akanipa. Niliweka vidole viwili. Moyo wake ulikuwa unakimbia kama wa msichana anayemaliza mbio, na tulikuwa hatujafika hata nusu ya kilima.

"Sasa nipeleke kwenu," nikamwambia. "Bila kuiba."

Akajaribu. "Kutoka soko… duka la mwanangu… halafu…" Akakatika. Watu walitupita. Kilima kilikuwa kidogo sana, na nyumba yake tuliiona kutoka pale tuliposimama.

"Hapo," nikasema.

"Hapo," akakubali. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naogopa, mwanangu. Nimewapima watu maisha yangu yote. Sitaki kupimwa nikaambiwa nisipande tena."

Nililia, sina haja ya kuficha. Nilimwambia kwamba na mimi niliogopa hivyo hivyo, chini ya kofia ya baba, na kwamba kuna mtu alikuja hadi kwetu bila kuuliza njia. Tukapanda sehemu iliyobaki kwa mwendo wa kuweza kuzungumza kwa haki, yaani tulisimama mara nyingi kuliko tulivyotembea. Sikumwachilia mkono.

Bintiye alipofunga duka na kutukuta tumekaa barazani, nilimwambia mbele ya Mwalimu, nikiwa bado nimemshika Mwalimu mkono:

"Kesho nipe mama yako nimpeleke hospitali. Nitamrudisha na pumzi yake."

Binti akamtazama mama yake, akingojea ubishi. Mwalimu alikunywa chai yake ikiwa moto wa kuunguza, akaweka kikombe chini.

"Basi twende mapema," akasema. "Foleni siiwezi."